Mji ulioshiba kwa treni kusimama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma Milano, na mwaka huu nimepanda treni ya kwenda Zurich mara mbili. Mara zote tulisimama Chiasso, maofisa wakapita behewani wakikagua pasipoti na mabegi. Dirishani niliona yadi ya reli isiyoisha, na nyuma yake mji ambao naambiwa una watu kama 8,000 tu. Nimekulia Namanga, baba yangu ni wakala wa forodha, kwa hiyo miji ya mpakani si migeni kwangu, lakini huu sikuuelewa. Uliwezaje kupata stesheni kubwa namna ile? Unaishi kwa nini? Na siku treni zikiacha kusimama, utabaki na nini? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu kwetu, tangu ofisi za nchi mbili ziwekwe chini ya paa moja, baba analalamika kwamba kazi imekwisha.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mtoto wa wakala wa forodha hahitaji kuelezwa mpaka ni kitu gani, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Treni hupita vijiji mia bila kuviachia hata senti. Chiasso ilinenepa kwa sababu treni zilisimama pale, zikasimama saa nyingi, na kila saa ya kusimama ilikuwa na mtu wa kuilipia. Ukishika hilo, mengine yote utayaona mwenyewe, pamoja na lile la baba yako, ambalo nadhani analisoma vibaya kidogo. Nitalirudia.

Tuanze na mahali. Ticino ndilo jimbo la Waswisi wanaozungumza Kiitaliano. Limeshuka kusini mwa Alpi na kuchoma ndani ya Lombardia, mkoa wa Italia wenye Milano, kama ncha ya mkuki, na Chiasso ndiyo ncha yenyewe. Pedrinate, kijiji kilichounganishwa na mji huo mwaka 1976, ndicho mwisho wa Uswisi upande wa kusini. Ukivuka kizuizi cha forodha umeshaingia Ponte Chiasso, ambao ni mtaa wa jiji la Como. Milano iko kilomita 50 hivi. Zurich iko zaidi ya kilomita 200, na katikati kuna milima. Kwa Kiitaliano cha kila siku neno chiasso maana yake kelele, ghasia. Sisemi jina la mji limetoka huko, ila aliyewahi kulala karibu na yadi ile hatabisha.

Kabla ya reli palikuwa na kijiji na barabara. Waswisi waliliteka eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 16, na mwaka 1803 Ticino ikawa jimbo kamili. Katiba ya 1848 ikafuta ushuru uliokuwa ukitozwa kati ya jimbo na jimbo, ukahamishiwa kwenye mpaka wa nje, na hapo kijiji kikageuka lango. Lango, bila shaka, laweza kufungwa. Februari 1853, Lombardia ikiwa bado mikononi mwa Austria, jemadari wa Austria, Radetzky, aliufunga mpaka na kuwafukuza watu wa Ticino wapatao 6,000 waliokuwa wakitafuta riziki upande ule. Huko Ticino tukio hilo linakumbukwa kama mzingiro wa njaa. Nalitaja ili usidhani kwamba mji wa mpakani huishi kwa starehe ya kukusanya ushuru tu. Huishi kwa kumtegemea jirani.

Reli ilifika tarehe 6 Desemba 1874 kutoka Lugano. Ilikuwa reli fupi isiyokwenda popote: kaskazini ilikwama kwenye mlima Ceneri, kusini ikasubiri hadi 1876 ndipo handaki la Monte Olimpino likaiunganisha na Como. Mambo yalibadilika mwaka 1882, handaki la Gotthard chini ya Alpi lilipofunguliwa. Lilikuwa na kilomita 15, refu kuliko yote duniani kwa wakati huo. Ruzuku ya kwanza ya serikali ilikuwa faranga milioni 85, na mgawanyo wake unaeleza kila kitu: Italia milioni 45, Ujerumani 20, Uswisi 20. Waliokuwa na haja ya reli hiyo kuliko wote hawakuwa Waswisi. Italia ilitaka bandari yake ya Genova iifikie Ujerumani bila kupitia reli ya Brenner iliyokuwa ya Austria wala ile ya Ufaransa chini ya Mont Cenis. Ujerumani ilitaka kuuza makaa ya mawe na mashine kusini. Uswisi ilikuwa na mlima katikati, na ikajua kuutumia.

Waliouchimba mlima walikuwa Waitaliano kwa sehemu kubwa. Wapatao 200 walifia humo, na wengi zaidi walirudi kwao wamepauka, wanahema kwa kupanda ngazi tatu. Mwaka 1880 madaktari wa Torino wakagundua kwamba ni safura. Minyoo ile ile tuijuayo sisi ilikuwa imepata ndani ya handaki kila inachokipenda: joto, matope, na watu wasio na vyoo.

Sasa lile la paa moja. Ukadhani Namanga imebuni jambo jipya? Mwaka 1882 huo huo, Uswisi na Italia zilitiliana saini mkataba wa huduma za forodha katika stesheni za kimataifa za Chiasso na Luino. Luino iko Italia; huko Chiasso maofisa wa nchi mbili walifanya kazi katika stesheni moja, katika ardhi ya Uswisi. Hilo halikuwaua mawakala. Ndilo lililowazaa! Mizigo yote ya Italia na Ulaya ya kaskazini iliyofuata reli ya Gotthard sasa ilikuwa na mahali pamoja pa kuandikiwa karatasi, na karatasi hizo zilikuwa za lugha mbili, sheria mbili, sarafu mbili, viwango viwili vya ushuru. Mfanyabiashara wa Hamburg angejuaje kujaza fomu ya Italia? Alimtafuta mtu aliyekaa Chiasso.

Fikiria behewa moja tu. Linafika na kichwa cha treni ambacho hakiruhusiwi kuendelea. Kinaondolewa, kingine kinaletwa, breki zinapimwa upya, dereva na wasaidizi wanabadilishana. Behewa linapelekwa yadi kupangwa na mengine yanayokwenda upande mmoja. Karani anahesabu magunia, mwingine anapima uzito, wa tatu anabishana na ofisa kama kitambaa hiki ni hariri tupu au kimechanganywa, maana ushuru wake si sawa. Ng'ombe wanakaguliwa na kunyweshwa maji. Matunda yakichelewa yanaoza, kwa hiyo kuna anayelipwa ili yasichelewe. Na wote hao wanahitaji kula, kulala, kunyolewa, kununua viatu na kubadilisha fedha. Wafanyakazi wa reli na walinzi wa mpaka wengi walitoka upande wa Waswisi wanaozungumza Kijerumani, wakahamia na familia zao. Hivyo ndivyo kijiji kilivyopata hoteli, maduka na mitaa ya nyumba za ghorofa ambazo ukubwa wa wakazi wake peke yao usingezielezea.

Na maghala. Katika eneo la Magazzini Generali, mahali ambapo bidhaa zilihifadhiwa kabla ya kulipiwa ushuru, kuna banda la zege lililosanifiwa na mhandisi Robert Maillart mwaka 1924 na kukamilika 1925. Wanafunzi wa uhandisi duniani kote hulitazama kwenye picha. Paa lake limeshikwa na mbavu nyembamba za zege zilizojipinda kufuata njia ya uzito wenyewe, kiasi kwamba zege linaonekana jepesi kama matete. Mimi si mhandisi. Lakini nimesimama mbele yake na kujiuliza ni mji gani mwingine duniani ambao jengo lake zuri kuliko yote ni banda la mizigo inayosubiri kulipiwa ushuru.

Kwenye reli kulikuwa na tofauti nyingine kati ya nchi mbili iliyoufaa mji, nayo ni umeme. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofanya makaa ya mawe kuwa adimu, Waswisi waligeukia maporomoko ya maji yao, na mwaka 1922 nyaya zikafika Chiasso. Mfumo wao ni volti 15,000 za mkondo geu. Italia baadaye ilichagua volti 3,000 za mkondo mnyofu. Ulichokiona kama uzembe wa kusimama bila sababu kilikuwa, kwa miongo mingi, sheria ya fizikia: kichwa cha Waswisi kikiingia kwenye waya wa Waitaliano hakiendi popote. Ndiyo maana stesheni ile ina njia ambazo waya wake unaweza kupewa umeme wa upande huu au wa upande ule kulingana na treni inayoingia. Upana wa reli ni ule ule kwa nchi zote mbili, milimita 1,435. Kilichowatenganisha kilikuwa juu, hakikuwa chini.

Kuna mapato ya halali, na kuna yale ambayo baba yako atayajua kwa jina la njia za panya. Nyuma ya mji, juu ya vilima, palipitishwa uzio wa waya ambao wenyeji huuita ramina. Ulining'inizwa kengele ndogo ili anayeukata au kuuinua asikike na walinzi. Wakati wa Vita ya Pili mchele ulitoka Italia kuingia Uswisi kwa mabega ya watu, na wakimbizi, Wayahudi miongoni mwao, walijaribu kupenya matundu hayo hayo. Wengine wakapokelewa, wengine wakarudishwa. Vita ilipoisha mkondo ukageuka: kahawa na sigara zikatoka Uswisi kwenda Italia, ambako serikali ilizitoza kodi kubwa. Wabebaji waliitwa spalloni, kutokana na neno la Kiitaliano la bega. Walibeba furushi la mraba la gunia, bricolla, lenye uzito wa kilo 30 hivi, na kuvaa viatu vya matambara ili wasisikike. Kinachochekesha ni kwamba upande wa Uswisi hakukuwa na kosa. Bidhaa ilinunuliwa dukani kwa halali na ofisa wa Uswisi aliiandika kuwa imetoka nchini. Kosa lilizaliwa hatua moja mbele. Biashara hiyo ilififia miaka ya 1970, lira ilipodhoofika na faranga ikapanda, faida ikaisha.

Kuhusu vita yenyewe nitasema kidogo. Italia ilipozingirwa baharini, makaa ya mawe ya Kijerumani yaliifikia kwa reli, na Gotthard ikawa mshipa. Uswisi ilisema haipendelei upande wowote huku treni za makaa zikipita usiku na mchana, na mabishano juu ya hilo hayajaisha mpaka leo. Mwishoni mwa Aprili 1945, askari wa Kijerumani waliokuwa wakikimbia walijazana Ponte Chiasso, wapiganaji wa msituni wakiwa nyuma yao. Kanali Mario Martinoni wa jeshi la Uswisi alivuka kwenda kuzungumza nao, na tarehe 28 wakajisalimisha kwa Wamarekani bila mji kuchomwa. Kwa watu wa Chiasso hiyo ndiyo siku kubwa ya historia yao.

Baada ya vita ikaja fedha, na hapa ndipo pa kukaa.

Mtu wa Milano mwenye akiba miaka ya 1960 na 1970 alikuwa na hofu mbili: lira iliyokuwa ikiyeyuka, na serikali iliyotaka kujua anacho kiasi gani. Benki ya kwanza ya Uswisi aliyokutana nayo njiani ilikuwa Chiasso, mwendo wa saa moja kwa gari. Mji ukajaa mabenki, yakipanga ofisi kwenye barabara ile ile iliyokuwa na maduka ya chokoleti na sigara. Mwaka 1976 Italia ilitunga sheria ya kumfunga jela anayetorosha fedha. Fedha haikusimama. Ilibadilisha begi tu.

Tawi la Chiasso la benki ya Schweizerische Kreditanstalt, ambayo baadaye ilijulikana duniani kama Credit Suisse, lilipokea fedha nyingi kuliko lilivyoweza kuziwekeza kwa faida. Wakuu wa tawi wakabuni njia. Waliziingiza kwenye kampuni ya jina tu iliyosajiliwa Vaduz, Liechtenstein, iitwayo Texon, wakawapa wateja hakikisho kwa jina la benki bila hakikisho hilo kuandikwa vitabuni, na Texon ikazirudisha Italia kwa mlango wa nyuma kununua makampuni: ya mvinyo, ya plastiki, ya hoteli za ufukweni. Fedha iliyokimbia Italia ikawa imerudi Italia, imevaa koti la Kiswisi. Ilidumu zaidi ya miaka kumi. Mwezi Aprili 1977 ikalipuka. Zaidi ya faranga bilioni 2 zilikuwa zimepita Texon, na hasara ilikadiriwa bilioni 1.4. Benki Kuu ya Uswisi na benki mbili kubwa shindani zilijitokeza kuahidi mkopo wa bilioni 3 ili watu wasikimbilie kutoa amana zao. Mkuu wa benki huko Zurich akajiuzulu, na mwaka huo huo mabenki ya Uswisi yakasaini makubaliano ya kuwataka wamtambue mteja kabla ya kupokea fedha yake. Kanuni ile ya benki kukuuliza wewe ni nani na fedha umeipata wapi ina mizizi mingi, lakini mmoja wake uko katika mtaa mmoja wa Chiasso.

Dhahabu ni hadithi ya tofauti hiyo hiyo kati ya nchi mbili, ila ina tabia njema zaidi, au angalau imedumu. Kampuni ya kusafisha dhahabu ya Argor ilianzishwa Chiasso mwaka 1951, ikahamia Mendrisio 1988, na sasa inaitwa Argor-Heraeus. Valcambi ilianzishwa 1961 mjini Balerna, jirani kabisa. PAMP ikafuata 1977, na iko Castel San Pietro. Zote tatu ziko ndani ya kilomita chache, na ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani. Kwa nini pale, mahali pasipo na mgodi hata mmoja? Kwa sababu wateja walikuwa mafundi wa vito wa Italia, wa Vicenza, Arezzo na Valenza, na Chiasso ilikuwa hatua ya mwisho ya Uswisi kabla ya kuwafikia. Leo dhahabu inafika kwa ndege kutoka mabara yote, Afrika ikiwemo, na sababu ya mwanzo imeshasahaulika. Mitambo imebaki.

Basi, tofauti zilianza kufa moja moja. Mwaka 1980 handaki la barabara la Gotthard lilifunguliwa, na mizigo mingi ikahama kutoka reli kwenda malori yanayopita forodha ya Brogeda, pembeni mwa mji. Mwaka 1990 Italia ilimaliza kufuta vizuizi vya kutoa fedha nje. Miaka hiyo hiyo karatasi za forodha zikaanza kuhamia kwenye kompyuta, na mizigo ya transiti ikawa inaandikwa inakotoka na kufungwa lakiri mpaka inakokwenda. Vikaja vichwa vya treni vinavyokubali mifumo yote miwili ya umeme, dereva akibonyeza kitufe huku treni ikiendelea. Mabenki yakapoteza siri: Italia ikatoa misamaha ya kodi kwa waliokuwa na fedha nje, na kuanzia 2017 Uswisi ikakubali kukusanya taarifa za akaunti za wageni na kuzipeleka kwao. Matawi yakafungwa. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ikaacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, na ndani ya dakika chache mteja wa Kiitaliano aliyekuwa akija kununua petroli, sigara na chokoleti akajikuta bei zimemkimbia. Siku hizi ni watu wa Chiasso wanaovuka kwenda kujaza vikapu Como.

Kwa mtazamo wangu kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kile cha kompyuta, ingawa hakikupata kichwa cha habari hata kimoja. Na hapa narudi kwa baba. Paa moja halimnyimi kazi. Chiasso ilikuwa na paa moja kwa miaka mia, na mawakala wake wakajenga majumba. Kinachomnyima ni tamko linalojazwa Dar es Salaam au Mombasa kabla lori halijaondoka, likasomwa na pande zote. Kama anataka kujipanga, aangalie huko. Mawakala wa Chiasso waliosalia hawagombanii tena fomu. Wanagomboa mizigo ile ambayo bado ina utata: dawa, chakula, vitu vya sanaa, mashine zinazorudi kutengenezwa. Mizigo iliyonyooka imeshawapita.

Kuna kampuni moja inayoeleza vizuri jinsi mji ulivyojua kugeuka. Inaitwa Hupac. Ilianzishwa Chiasso mwaka 1967 na wasafirishaji pamoja na shirika la reli, kwa wazo la kupandisha malori juu ya mabehewa ili yavuke Alpi kwa reli. Leo ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hiyo Ulaya. Lakini treni zake nyingi hushukia upande wa Italia, Busto Arsizio, zikipitia njia ya Luino. Mji unaendesha treni ambazo haziuoni. Mishahara ya ofisi inabaki Chiasso, kelele zinakwenda kwingine.

Mabingwa wa mji walijaribu pia vitu vingine, vingine vya kuchekesha. Kuanzia 2018 Chiasso ilikubali wakazi walipe kodi kwa bitcoin, mwisho faranga 250, ikajitangaza kuwa makao ya kampuni za sarafu za kidijitali. Sioni kama ni wehu. Ni mji uleule unaonusa tofauti ya sheria na kuikimbilia. Na tabia ya mpaka haijaondoka: Juni 2009 maofisa wa Italia waliwakamata wasafiri wawili wenye pasipoti za Japani waliofika Chiasso kwa treni na sanduku lenye sakafu ya siri. Ndani mlikuwa na hati za dhamana za Marekani zenye thamani iliyoandikwa ya dola bilioni 134.5. Zilikuwa bandia, zote.

Umeuliza kwa nini bado mnakaguliwa. Uswisi iliingia eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa pasipoti kati yao, tarehe 12 Desemba 2008, kwa hiyo ukaguzi wa kudumu wa pasipoti uliondolewa. Haikuingia umoja wa forodha wa Ulaya, kwa hiyo ofisa wa forodha ana haki kamili ya kufungua begi lako, na akiwa na shaka atakuuliza na hati. Shaka hiyo, nadhani umeshaiona, haimwangukii kila abiria kwa usawa. Kiangazi cha 2016 mamia ya vijana, wengi wao kutoka Eritrea, Ethiopia na Somalia, walilala kwenye bustani mbele ya stesheni ya Como baada ya kushushwa kwenye treni Chiasso na kurudishwa. Beba kibali chako cha ukaazi mfukoni, usikiweke kwenye sanduku lililo juu.

Treni kuacha kusimama kumeshaanza, kwa kiasi. Handaki la chini la Gotthard, lenye kilomita 57, lilianza kazi 2016, la Ceneri likafuata 2020, na lengo lake lilikuwa kuipitisha mizigo chini ya Alpi bila kupanda wala kubadilisha chochote. Yadi uliyoiona dirishani ina njia nyingi zilizo tupu kuliko zamani. Lakini haijafa. Tarehe 10 Agosti 2023 treni ya mizigo iliyotoka Chiasso kwenda Basel iliacha reli ndani ya handaki hilo jipya, baada ya gurudumu la behewa moja kupasuka, na handaki halikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 2 Septemba 2024. Kwa mwaka mzima abiria wengi, na sehemu ya mizigo, walirudi kwenye reli ya zamani ya mlimani, ile ya 1882.

Kuhusu unaishi kwa nini leo: shuka pale asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya saa moja. Utaona treni za mkoa kutoka Como na Milano zikimimina watu, wauguzi, mafundi, wahasibu, wapishi. Ticino yenye wakazi kama 350,000 hupokea zaidi ya wafanyakazi 75,000 wanaolala Italia na kufanya kazi Uswisi. Tofauti ya mishahara ndiyo kubwa iliyobaki, na ndiyo inayowagombanisha watu kuliko zote: mwenye mji anasema wanashusha mishahara, mwenye kiwanda anasema bila wao anafunga. Hata kodi yao ina mkataba wake wa nchi mbili. Ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 unaiacha Uswisi imkate mfanyakazi mpya asilimia 80 ya kodi ya kawaida, kisha Italia inamtoza pia ikiondoa alichokwisha kulipa. Ofisi zinazowajazia watu hao fomu za kodi zinafanya kazi nzuri. Ukipita, angalia majina kwenye milango yake, halafu umwandikie baba yako.